Majira ya Baridi Nayo Ni Yetu

 

Kila mwaka ikifika Desemba, ndugu zetu walioko nchi za theluji hupiga simu wakiwa na habari zinazofanana. Awe Munich au Zürich, Oslo au Calgary, jamaa atakwambia: baridi imeshaingia, tumejifungia ndani, tunaingoja Aprili. Huyu ni mtu aliyekaa ughaibuni miaka kumi, pengine ishirini. Ana kazi, ana nyumba, watoto wake wamezaliwa huko huko. Lakini kila mwaka miezi minne au mitano anaitoa kwenye hesabu ya maisha yake, kana kwamba si mali yake.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie jambo ambalo kwa mtu aliyekulia chini ya minazi linaweza kuonekana la mbali sana: kujifunza skii ukiwa mtu mzima. Kwa msikilizaji ambaye hajaziona, skii ni mithili ya mbao mbili ndefu na nyembamba, zilizopinda kwenda juu huko mbele, ambazo mtu huzifunga miguuni akateleza nazo juu ya theluji. Zamani zilikuwa mbao tupu. Siku hizi zina mti ndani, plastiki nje, na kingo za chuma zinazong'ata theluji.

Mimi ni mzaliwa wa pwani, na nilijifunza mchezo huu nikiwa nimeshavuka miaka arobaini, katika milima ya Tyrol nchini Austria. Neno langu la leo ni hili: majira ya baridi si ya kuvumilia tu, ni ya kuyaishi, na mtu mzima aliyetoka nchi ya joto anaweza kuyafanya yakawa yake. Njia ziko nyingi. Hii ninayoijua mimi ni skii.

Najua methali nitakayowekewa mbele. Samaki mkunje angali mbichi. Na ni kweli, mtoto wa Tyrol huvalishwa skii akiwa na miaka mitatu au minne, kabla hajajua kusoma. Tunaye hata binti yetu mmoja aliyepita njia hiyo. Sabrina Simader alizaliwa Kenya, akahamia Austria akiwa na miaka mitatu, akajifunza utotoni, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko PyeongChang, Korea Kusini, akishindana na mabingwa wa kushuka milima.

Lakini itazameni vizuri methali yenyewe. Samaki hajikunji; hukunjwa na mkono wa mwingine. Methali inazungumza na mlezi kuhusu malezi. Mtu mzima anayeamua kujifunza hana mlezi wa kumkunja, anajikunja mwenyewe kwa hiari na akili yake, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Chukueni mfano wa Philip Boit. Huyu alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret, na hadi mwaka 1996 unaanza hakuwa amewahi kuiona theluji kwa macho yake. Mwaka huo, kwa udhamini wa kampuni ya Nike, alipelekwa Finland pamoja na Mkenya mwenzake, Henry Bitok, wajifunze skii za masafa, zile ambazo mtu hupanda na kushuka nazo kwa nguvu za miguu na mikono yake mwenyewe. Boit alikuwa na miaka 24. Miaka miwili baadaye, Februari 1998, alisimama Nagano, Japani, kwenye mbio za kilomita 10, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi.

Alimaliza wa 92, na wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa ameshafika dakika 20 kabla yake. Lakini Dæhlie, mmoja wa wanamichezo wakubwa kabisa wa mchezo huo, hakuondoka kwenda kuchukua medali. Alisimama pale kwenye mstari wa mwisho akamngoja Mkenya, na alipofika akamkumbatia mbele ya dunia nzima. Boit naye alimwita mwanawe Dæhlie. Wala hakuishia hapo: alirudi kushindana Salt Lake City mwaka 2002 na Torino mwaka 2006.

Nalitaja tukio hilo kwa sababu nimeliona likijirudia kwa kiasi kidogo kila msimu, kwa watu ambao hawatatajwa na gazeti lolote. Mtu aliyezaliwa kwenye theluji anajua mchezo huu unadai nini. Akimwona mtu mzima, mgeni, anaanguka na kuinuka na kuendelea, humheshimu. Nilitarajia macho ya kushangaa. Nilichokutana nacho ni watu wasiojuana nami waliosimama kuniokotea fimbo zangu za skii.

Na kama mtasema Boit alikuwa mwanariadha tayari, basi kuna Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana. Huyu alikuwa mfanyakazi wa mapokezi katika jumba la michezo huko Milton Keynes, Uingereza, jumba lenye mteremko wa theluji chini ya paa. Akaanza kuteleza hapo kazini, mtu mzima tayari. Mwaka 2010, kwenye Olimpiki ya Vancouver, alikuwa Mghana wa kwanza kushindana katika michezo ya majira ya baridi.

Sasa, mimi siwaombi mwende Olimpiki. Nawaomba mfikirie jambo lililo karibu zaidi na nyumba zenu. Nchini Austria shule nyingi huwachukua wanafunzi wiki nzima kwenda milimani kujifunza skii. Norway mtoto hukua nazo toka shule ya awali. Mtoto wa ndugu yetu anarudi nyumbani uso umeiva kwa jua la mlimani, ana mambo tele ya kusimulia: nani alianguka, nani alishuka mteremko mkali, mwalimu alisema nini. Mama anamsikiliza na kutabasamu, lakini hajui hata skii inafungwaje. Mwaka hadi mwaka mtoto anaingia katika dunia ambayo mzazi wake haijui, na kila Desemba umbali kati yao unaongezeka kidogo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya mtu mzima kujifunza. Mtoto aliyemwona baba yake akijifunza kitu kigumu mbele ya watu amepata somo ambalo maneno elfu ya nasaha hayatampa.

Basi, mtu anajifunzaje? Hapa nitakwenda taratibu, maana wengi huogopa wasichokijua.

Huanzi mlimani. Unaanzia mahali palipo karibu tambarare, pembeni ya kijiji. Viatu kwanza. Ni vya plastiki ngumu, vinashika kifundo cha mguu, na vimeundwa vikuinamishe mbele kidogo. Kiatu kinachokufaa ni kile ambacho ukisimama wima vidole vinagusa mbele kwa mbali, na ukikunja magoti vinarudi nyuma. Soksi ni jozi moja nyembamba. Anayevaa jozi mbili kwa kuogopa baridi anaibana damu, na miguu inazidi kupoa. Kisha fundi wa duka la kukodisha atakuuliza uzito wako, urefu wako, umri wako na kama umewahi kuteleza. Mwambie ukweli wote. Kwa majibu hayo ndivyo anavyopima vifungo vinavyoshika kiatu kwenye skii, viachie kwa wakati unapoanguka. Kifungo kisipoachia, goti ndilo linalopata shida.

Somo la kwanza ni kuanguka na kuinuka. Unaangukia ubavu. Unaziweka skii zote mbili upande wa bonde, zikiukata mteremko, ndipo unajisukuma juu. Zikielekea bondeni zitaondoka nawe kabla hujasimama. Somo linalofuata ni plau. Ncha za mbele zinakaribiana bila kugusana, mikia ya nyuma inatanuliwa, na kingo za ndani zinang'ata theluji. Ukitanua zaidi, mwendo unapungua. Ukipunguza kutanua, unakwenda. Hiyo ndiyo breki yako. Kutoka hapo unajifunza kukata kona, na siri yake ni kwamba uzito unahamia mguu wa nje. Ukitaka kwenda kushoto, unakanyaga mguu wa kulia. Akili inabisha mwanzoni, lakini mwili ukishalionja jambo hilo mara moja hausahau.

Kazi kubwa inabaki moja, nayo ni hofu. Mteremko unapomtisha mtu mzima, mwili wake wenyewe unarudi nyuma, unataka kuukimbilia mlima. Na uzito ukienda nyuma, ncha za mbele zinakuwa nyepesi, skii haziongozeki tena, mwendo unazidi. Hofu inaleta kile kile inachokikimbia. Dawa ni kufanya kinyume cha unachokihisi: uuinamie bonde. Ugoko uegemee ulimi wa kiatu, mikono iwe mbele, macho yatazame unakokwenda na si miguu. Siku utakapofanya hivyo kwa mara ya kwanza na skii zikakutii, utajua umejifunza kitu ambacho hakihusu theluji peke yake.

Na wako kati yetu waliokuja na sehemu ya ujuzi wa skii bila kujua. Mwanamke aliyezoea kubeba ndoo ya maji kichwani anajua kwamba miguu inaweza kupanda, kushuka na kukwepa mawe huku kichwa na mabega vimetulia. Hicho ndicho mwalimu wa skii anachokitafuta kwa mwanafunzi wake: miguu ifanye kazi, mwili wa juu ukae kimya.

Mtu mzima ana upungufu wake, nisifiche. Mtoto yuko karibu na ardhi, akianguka haumii sana, na anaiga bila kuuliza. Mtu mzima anachoka mapema, goti lake halisamehi, na ana heshima anayodhani ataipoteza. Lakini ana kitu ambacho mtoto hana: anaelewa sababu. Ukimweleza kwa nini uzito uende nje, anaweza kuifanyia kazi sentensi hiyo moja asubuhi nzima, kwa makusudi, hadi mwili ukubali. Anajua pia kupumzika. Mwili uliochoka ndio unaokosea, na mtu mwenye umri wake anaweza kusema leo imetosha bila kuona haya.

Ushauri wangu mkubwa hapa: ingia darasani. Usifundishwe na rafiki, na wala usifundishwe na mwenzi wako wa ndoa. Anayejua skii toka utotoni hakumbuki alijifunzaje. Atakupandisha juu sana mapema mno, na huko juu atakwambia fanya hivi tu. Mwalimu wa kazi hiyo anajua hatua zote, na darasa lina watu wa kiwango chako. Katika darasa langu tulikuwa na muuguzi, dereva wa lori, na bibi mmoja mstaafu aliyesema amewangoja watoto wake watoke nyumbani ndipo ajifunze. Tulishangiliana kwa kila kona. Mtu mzima hapati mara nyingi nafasi ya kushangiliwa kwa jambo dogo kiasi hicho, na inajenga.

Darasa la namna hiyo lina historia yake, nayo inafaa kujulikana. Skii zimetumika kwa maelfu ya miaka huko kaskazini ya dunia, kwa kuwinda na kusafiri. Katika karne ya 19, Sondre Norheim wa Morgedal, wilaya ya Telemark nchini Norway, alisuka vifungo vya kushika kisigino, na hapo mtu akaweza kukata kona na kuruka kwa uhakika zaidi. Lakini aliyeufanya mchezo ufundishike kwa kila mtu ni Hannes Schneider, mtoto wa kijiji cha Stuben, kwenye milima ya Arlberg, Austria, aliyezaliwa mwaka 1890. Mwaka 1907, kijana mdogo bado, alichukuliwa St. Anton kuwafundisha wageni wa hoteli. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza akaanzisha shule yake hapo, akawapanga wanafunzi kwa uwezo wao, kila kundi na hatua yake, kuanzia plau hadi kona za haraka. Mtindo wake ukaenea hadi Japani na Marekani, na darasa utakaloingia wewe leo limesimama juu ya mpango huo.

Maisha ya Schneider yana jambo jingine linalotugusa sisi wahamiaji. Mwaka 1938, Wanazi walipoitwaa Austria, walimkamata. Mwaka 1939 akaondoka na familia yake kwenda North Conway, jimbo la New Hampshire, Marekani. Alikuwa anakaribia miaka 50, amepoteza kijiji chake na shule yake. Akaanza upya katika lugha ya kigeni, akafundisha huko hadi alipofariki mwaka 1955. Mwalimu wa walimu naye alilazimika kujifunza ukubwani namna ya kuishi mahali papya.

Tena msidhani mchezo huu hauna kitu chochote kutoka upande wetu wa dunia. Mtu anayeanza hupandishwa mteremko mdogo kwa mkanda unaotembea chini ya miguu yake. Akishaweza, hupanda lifti ya viti: waya mnene unaozunguka kutoka bondeni hadi kileleni, umening'inizwa viti, unakaa na skii zako miguuni na kubebwa juu ya misonobari. Lifti ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1936 huko Sun Valley, jimbo la Idaho, Marekani. Aliyeibuni ni Jim Curran, mhandisi wa shirika la reli la Union Pacific, aliyekuwa anaijua mitambo ya kupakia ndizi melini: waya unazunguka, una kulabu, na kila kulabu inabeba mkungu wake. Curran aliondoa kulabu, akaweka viti. Kwa hiyo msikilizaji wa Bukoba au Moshi, siku utakapokaa kwenye kiti hicho, jua umekalia mahali pa mkungu wa ndizi. Zao la nchi za joto ndilo lililofungua njia ya watu kupanda milima ya barafu.

Nizungumzie sasa likizo yenyewe, maana wengi hudhani ni kuteleza tu kutwa kucha.

Kijiji cha skii huamka mapema. Usiku kucha mitambo mikubwa imepita milimani ikisawazisha theluji, na asubuhi miteremko imechorwa mistari midogo midogo kama kitambaa kipya. Darasa huanza saa nne, linapumzika saa sita, linarudi saa saba hadi saa tisa. Lifti hufungwa alasiri. Chakula cha mchana huliwa kwenye vibanda vya mbao vilivyoko huko huko mlimani. Watu hukaa nje, kwenye benchi, koti limefunguliwa, jua linawaka. Mara nyingi bonde limefunikwa na mawingu nawe uko juu yake, kwenye anga la buluu. Yule aliyekaa mjini chini ya wingu hilo la kijivu hajui kwamba jua liko karibu naye kiasi hicho. Mimi naamini nusu ya huzuni ya majira ya baridi inayowapata watu wetu ni ya kukosa jua hili.

Kwenye vibanda hivyo utakuta Kaiserschmarrn, aina ya chapati nene ya mayai na maziwa, iliyochanwa vipande vipande na kunyunyizwa sukari, ikaliwa na rojo la matunda. Utakuta Germknödel, andazi kubwa la mvuke lililojazwa jamu ya matunda. Utakuta supu nzito za nyama. Ndugu Waislamu waulize kabla ya kuagiza, kwa sababu nyama ya nguruwe imeenea sana katika mapishi ya huko, na zabibu za Kaiserschmarrn wakati mwingine hulowekwa kwenye ramu. Ukiuliza, unajibiwa vizuri, na hukosi cha kula.

Alasiri watoto wanatoka kwenye madarasa yao na kila mtu ana la kusimulia, na safari hii mama naye analo. Jioni kuna vigari vya kuteleza njiani chini ya taa, kuna matembezi kwenye njia zilizokanyagwa, kuna kucheza karata. Asiyetaka skii kabisa hakosi la kufanya. Ijumaa madarasa mengi hufunga wiki kwa mashindano madogo, watu wazima kwa watoto, na kila mmoja hupimwa muda wake. Unalala usingizi ambao mtu wa ofisini ameusahau.

Je, ni gharama? Ndiyo. Tiketi ya lifti, vifaa, mwalimu na malazi vikijumlishwa ni fedha nyingi, hasa kwa familia. Lakini zipo njia. Usinunue vifaa mwanzoni, kodi. Usiende vijiji vyenye majina makubwa; mteremko wa wanaoanza ni ule ule katika kijiji kidogo, na bei ni nafuu. Vituo vingi vinauza tiketi ya bei ndogo kwa lifti za wanaoanza pekee, na huhitaji zaidi ya hiyo mwanzoni. Epuka Krismasi na likizo za shule za Februari. Januari, sikukuu ya tarehe 6 ikishapita, milima hupungua watu na bei hushuka. St. Anton na baadhi ya vijiji vingine vya Arlberg viko kwenye reli iliyofunguliwa mwaka 1884, hivyo aliyeko Zürich au Vienna hahitaji gari.

Aliye Norway ana neema zaidi. Jijini Oslo unapanda treni ya mjini, laini namba 1, hadi Frognerseteren, unashuka na skii zako begani, na msitu wa Nordmarka uko mbele yako, una njia za skii za masafa, nyingine zina taa za usiku, wala hulipi kuingia. Kuna pia vituo vya BUA vinavyoazima vifaa vya michezo bila malipo. Skii za masafa ni nyepesi, hazina kasi ya kutisha, na ndizo alizoanza nazo Boit. Ndugu zetu walioko Ghuba nao wanao mlango wao: Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates, iliyofunguliwa mwaka 2005, ina mteremko wa mita 400 chini ya paa, na walimu wa kufundisha wanaoanza. Na hapa Afrika, Lesotho ina kituo cha Afriski, kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, kinachofanya kazi kati ya Juni na Agosti, wakati kusini kuna baridi.

Usalama nao una haki yake. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lina kanuni kumi za miteremko, na tatu nataka mzishike. Aliye mbele na chini yako ana haki ya njia. Wewe uliye nyuma ndiye wa kumkwepa. Nenda kwa mwendo unaoumudu. Ukitaka kusimama, simama pembeni na mahali unapoonekana. Miteremko huwekwa rangi: Austria buluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ngumu, Ufaransa wana pia kijani kwa anayeanza kabisa. Usikubali kushawishiwa kupanda rangi ambayo si yako. Vaa kofia ngumu. Kata bima inayolipia uokoaji wa mlimani, kwa sababu helikopta ni ghali mno. Usivae pamba mwilini, maana hushika jasho na kukupoza; vaa sufu au vitambaa vya michezo kwa tabaka. Na msidanganywe kwamba ngozi nyeusi haiungui. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, ikakupiga kutoka chini na juu. Pakaa mafuta ya kuzuia jua, hata chini ya kidevu, na usivue miwani.

Kuna jambo moja linaloniuma, na siwezi kulipita. Theluji hii inapungua. Vituo vya chini katika Alps vinategemea mitambo ya kutengeneza theluji, inayokula maji na umeme, na vingine vimefungwa. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua habari hiyo kabla yao. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na kushuka kwa skii. Barafu moja ya Kilimanjaro inaitwa kwa jina la Furtwängler hadi leo, na imebaki kipande kidogo. Kwa hiyo tunapokwenda milimani, twende kwa treni tunapoweza, tukae siku nyingi kwa safari moja badala ya safari nyingi fupi, na tuchague vituo vinavyotumia theluji ya Mungu. Anayekipenda kitu hukitunza, na mtu hawezi kukipenda kitu anachokitazama kupitia dirishani tu.

Wasikilizaji wangu, muda umenitupa mkono. Kwako wewe uliye ughaibuni, naomba jambo moja msimu huu. Usingoje Aprili. Uliza mahali pa kuazima vifaa, jiandikishe darasa la wanaoanza, na umwambie mwanao siku na saa utakayokwenda. Kama amekutangulia kwa skii, mwache akufunge viatu, mwache akusahihishe. Nawe uliyeko nyumbani, ambaye theluji utaisikia redioni tu, chagua kile ulichojiambia umechelewa kukijifunza, kiwe kuogelea, kuendesha gari au kusoma, ukamtafute mwalimu wiki hii.